Wanja wa Ndani ya Kope

Dada yangu si mtu wa kulialia. Nalisema hili mapema kwa sababu pale saluni tulikofanya kazi walimpachika jina la Mama Machozi, na jina hilo linanichoma hadi leo.

Yeye alipamba nyuso, mimi niliosha nywele. Mwenye saluni, tuliyemwita Bosi, alikuwa na sharti lake: kila mpambaji ajipake wanja mzito, tena si juu ya kope, bali ukingoni kwa ndani, panapogusana na jicho. "Mteja akikuona wewe umejipaka, ndio naye anataka," alisema. Dada akapaka kila asubuhi, mchana akarudia, mwaka baada ya mwaka.

Kisha macho yakaanza kumwaga maji. Mchirizi mweusi unamshuka mashavuni, na mteja yuko kitini anamtazama. Wenzake wakacheka chini chini, eti mumewe kapata mwingine. Bosi akasema anatia mkosi, akamwagiza azidishe wanja ili wekundu wa macho usionekane. Azidishe, jamani.

Nilimburuta kliniki mwenyewe. Muuguzi wa macho, mama asiye na papara, alimkagua akasema macho yake ni makavu.

"Makavu vipi, mama, na shingo yote imelowa?" Dada alikasirika.

Muuguzi akamweleza. Chozi si maji matupu. Ndani yake mna protini, na juu yake hutanda mafuta membamba sana, yanayotoka kwenye vitundu vilivyojipanga ukingoni mwa kope. Zipo protini zinazoyashika mafuta hayo na kuyasaidia yatandae kila tunapopepesa. Mafuta yakipungua, maji hukauka upesi, jicho huwasha, nalo hujitetea kwa kumwaga maji mengine ambayo pia hayakai.

"Sasa ukiziba vitundu kwa wanja, mafuta yapite wapi?" Akaibonyeza kope. Hakikutoka kitu. Vingine vimeshakufa, alisema, na huenda visirudi. Asipoacha, kioo cha jicho kitachubuka.

Kesho yake Dada alikwenda kazini macho matupu. Alikuwa ameshampaka mteja jicho moja Bosi alipomjia na penseli ya wanja mkononi.

"Jipake, au mlango ule pale."

"Bosi, macho nimezaliwa nayo. Kazi hii nimeikuta."

Mteja akageuka kitini. "Dada, na mimi umenipaka huko huko ndani?"

"Huko huko. Ninyi nyote."

"Basi nifute."

Dada alianza kumfuta. Bosi akampokonya kitambaa na kumfukuza mbele ya watu, kama mwizi. Nikavua aproni nikamfuata.

Watu wanasema tuna kiburi, tumeipiga teke riziki. Na waseme. Mimi hasira haijanitoka, wala sina haraka nayo. Kila asubuhi Dada hukanda kope zake kwa kitambaa cha maji ya moto, hupepesa, kisha husimama dirishani na kuniuliza kama maandishi ya kibao cha ng'ambo ya barabara yanasomeka. Yanasomeka vizuri tu, herufi kwa herufi. Yeye anaona ukungu.

Namjibu kwamba hata mimi siyaoni.