Viti Sita vya Seremala na Dari ya Magodoro

Duka la fanicha lina wateja watatu tu asubuhi hii, na Mama Misumari yuko juu ya ngazi, pima maji ya kunyooshea picha mkononi. Chini yake mke na mume wanazozania kochi. Anashusha mchoro kidogo, anashuka, anajibanza katikati yao.

"Samahanini wapendwa. Nataka kujua mtu akikaa hapa anaona nini."

Jina la Mama Misumari alibandikwa na wauzaji. Kazi yake ni kupanga maonyesho ya sanaa, na makumbusho hayamhusu. Ameshapanga kwenye duka la vigae, akapanga kwenye gereji. Sasa kazi za wasanii kumi na tisa zimesambaa hapa, kati ya vitanda na makabati.

Miaka mingi alivalisha masanamu ya duka la nguo. "Watu wetu kwenda kuangalia picha, hawaendi," anasema. "Lakini anayenunua kabati anakuja na ukoo mzima. Wanakagua, wanagusa, wanabishana. Watazamaji gani tena niwatafute?"

Hulipwa asilimia kumi ya kinachouzwa, na iko miezi ambayo hakiuzwi kitu. Mumewe ndiye anayelipa kodi ya nyumba, na hachoki kumkumbusha.

Mwenye duka alimpa sharti moja: mteja akilalamika hata mara moja, sanaa yote inatoka. Basi siku chache kabla ya ufunguzi, balaa likaingia.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa meza ya kulia na viti sita vya seremala mmoja asiye na maneno mengi. Kila kiti amekichonga kwa umbo la mtu wa nyumbani kwao, na chenye mgongo ulioinama ni cha marehemu mama yake. Mama Misumari alitoka kununua waya. Anarudi, viti vitano!

"Dada, kiti kiko dukani, mteja ana pesa mkononi, nifanyeje?" alijitetea muuzaji mmoja, wanayemwita Bei Poa.

"Si ungeniuza na mimi!"

Anacheka sasa, lakini siku ile hakucheka. "Nikikidai kwa ubishi, mteja analalamika, maonyesho kwisha. Nisipokidai, seremala nitamtazama vipi? Ni mama yake yule."

Alimfuata mteja hadi kwake: fundi cherehani mstaafu, mgongo umepinda kwa miaka ya kuinamia nguo za watu. Alimkuta amekikalia.

"Mwanangu, nimezunguka maduka yote," akaambiwa. "Hiki ndicho cha kwanza kisichoniumiza. Sirudishi ng'o!"

Hakubishana. "Sawa mama, ni chako. Nakuomba tu uje nacho uone viti wenzake."

Kesho yake fundi akaja, kiti juu ya mkokoteni, uso umekunjwa. Akazunguka meza. Akakisogeza kiti penye pengo, akakaa. Seremala, aliyekuwa amejiandaa kugomba, alibaki amesimama nyuma yake.

"Mama yangu," akasema, "alikuwa anakaa hivyo hivyo."

Wakaelewana. Kiti ni cha fundi, lakini kitabaki mezani mpaka maonyesho yaishe, naye atakuja kukikalia kila alasiri. Wateja wakimwona, nao wanavuta viti, wanamwaga habari za nyumbani kwao. Mwenye duka alikuja kuwatimua, akakosa pa kukaa, akaishia kusikiliza akiwa amesimama. Lile sharti halijatajwa tena.

Sasa Mama Misumari analifukuzia ghala moja la kuuzia magodoro. Mwenye ghala amemkatalia mara mbili. Haidhuru: seremala ameshaanza kuchonga fremu, na fundi cherehani ametoa mashine yake stoo, anaunganisha turubai walizochora wachoraji ziwe kitambaa kimoja kikubwa.

"Yule bwana anadhani nataka kuta zake," anasema akikusanya misumari. "Kuta za nini? Pale watu wanalala chali kujaribu godoro, wanaangalia dari tupu. Jamani, tupu kabisa! Kesho narudi."