Karani alitazama kadi, hakutazama mkono

Jua bado halijachomoza juu ya Ambanoro, kisiwani Nosy Be, na umande umelowesha kanga ya Rahamatou hadi magotini. Anavuta tawi la mlangilangi kwa mkono wa kushoto, wa kulia unachuma. Maua ya manjano anayachukua, ya kijani anayaacha. Miti hii imekatwa vilele na kukunjwa tangu michanga ili isirefuke, na sasa imesimama kwa safu kama wazee waliopinda migongo. Wanawake wanapita kati yake na vikapu, wakisemezana kwa sauti za chini.

Ni lazima wawahi. Jua likishapanda, harufu hukimbia, na msimamizi wa kiwanda cha kuchemsha maua huanza kupunguza uzito kwenye mizani kwa maneno tu. Asubuhi njema humpa Rahamatou faranga themanini. Asubuhi ya mvua humpa kikohozi.

"Kazi hii haijanitia uchungu," anasema. "Nimeifanya tangu sijaolewa. Kilichonitia uchungu ni mlango mmoja kule bandari ya Mahajanga."

Akiutaja mlango huo mkono wake husimama. Wenzake wanaijua habari yenyewe, nao humwachia aisimulie. Anaisimulia kwa Kikomoro, lugha ya nyumbani kwao. Akifika kwenye maneno ya wakubwa, huyasema kwa Kifaransa kama yalivyosemwa, kisha hutema mate pembeni.

Rahamatou ana umri wa miaka thelathini na moja. Alizaliwa Moroni, kisiwani Ngazidja huko Komoro, akaletwa Nosy Be na mumewe, Hassane, ambaye huchochea kuni katika kiwanda hicho hicho. Wana watoto wawili: Oumi, msichana wa miaka mitano, na Chaher, mvulana ambaye wakati wa mkasa huu ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kutembea.

Zamani, watu wa Ngazidja na watu wa pwani hii walikwenda na kurudi kama mtu anayevuka ua kwenda kuomba chumvi. Bukini, yaani Madagaska, ilipopata uhuru mwaka 1960, visiwa vya Komoro vikabaki chini ya Wafaransa. Safari ile ile, bahari ile ile, ikawa safari ya ng'ambo. Zikaja karatasi. Na juu ya karatasi zote ikaja kadi ya manjano, inayoshuhudia kwamba msafiri amechanjwa ndui, awe mzee wa mkongojo au mtoto wa mgongoni.

Rahamatou haipingi chanjo. Mjomba wake aliugua ndui utotoni, akaishi na uso uliochimbika kama ardhi iliyopigwa na mvua ya mawe. "Sindano mimi naipenda," anasema. "Mtu asije akaandika kwamba nilikimbia sindano. Watoto wangu niliwapeleka mwenyewe, kwa miguu yangu."

Aliwapeleka mwaka jana, baada ya msafiri mmoja kuteremka Hell-Ville, mji wa bandari wa Nosy Be, na salamu kutoka Moroni. Mama yake, Bi Koultoum, alikuwa hawezi. Miguu ilikuwa imevimba na pumzi imekuwa fupi. Salamu zake zilikuwa za maneno machache: "Mwambieni mwanangu aje na watoto. Nimewasikia tu, sijawaona."

Katika zahanati, muuguzi aliwachanja wote wawili. Oumi aliuma kanga ya mama yake asilie. Chaher alilia kwa niaba yao wote. Baada ya siku kadhaa wakarudi. Muuguzi akatazama malengelenge, akaridhika, akajaza kadi na kuweka sahihi. Muhuri tu ndio haukuwapo. Ulikuwa umefungiwa kabatini, na mkuu wa zahanati alikuwa safarini na ufunguo mfukoni.

"Nikamuuliza, je, hakuna neno?" anakumbuka Rahamatou. "Akaniambia, 'Sahihi yangu inatosha, mama. Nenda ukamwone mzazi wako.' Nami nikamwamini. Ningefanyaje? Yeye ndiye mwenye koti jeupe."

Hassane akauza mbuzi wao. Rahamatou akapanda meli ndogo ya pwani na watoto wake, wakatapika njia nzima, wakafika Mahajanga. Huko walipokewa katika mtaa wa Tsaramandroso na mama yake mdogo, Rabiata, mjane anayepika mikate ya mchele na kuiuza barazani kwake. Alfajiri ya siku ya meli ya Moroni, Rabiata aliwafungia mikate ya njiani katika jani la mgomba, akawasindikiza mpaka bandarini.

Mlango wa ofisi ya afya ya bandari ulikuwa na foleni. Mbele ya Rahamatou walisimama Mzungu mmoja msimamizi wa shamba, mkewe, na watoto wao watatu. Karani alipokea kadi zao, akahesabu, akaona imepungua moja. Mke yule akacheka, akasema labda imebaki hotelini Amborovy. Karani naye akacheka. Akatoa kadi mpya, akaandika jina la mtoto, akagonga muhuri. Mtoto hakushikwa mkono wala kuulizwa chochote. Wakapita.

"Niliona kwa macho yangu haya," anasema Rahamatou. "Nikajiambia moyoni, alhamdulillahi, leo karani ana roho nzuri."

Zamu yake ikafika. Kadi yake mwenyewe ilikuwa ya zamani na ilikuwa na muhuri. Karani akaiweka kando. Zile za watoto akazigeuza mbele na nyuma.

"Muhuri uko wapi?"

"Ulifungiwa, bwana. Muuguzi ametia sahihi. Na makovu haya hapa." Rahamatou akapandisha mkono wa gauni la Oumi, kisha akavuta bega la Chaher. Makovu yalikuwa ya mviringo, yamekauka, yanang'aa.

Karani hakuinua macho. "Mimi sisomi ngozi, madamu. Nasoma kadi."

"Basi gonga wako, kama ulivyomgongea yule mtoto wa sasa hivi."

 Karani akafunga kalamu yake polepole. "Wewe utapita," akasema. "Watoto hawapiti. Waache kwa ndugu yako huyo, uende, utawakuta ukirudi."

Rabiata, aliyekuwa pembeni, alinyoosha mikono kumpokea Chaher. Alidhani anasaidia. Rahamatou anasema alisimama pale na kitu kama kisu kikimkata katikati. Upande mmoja mzazi wake, upande wa pili wanawe. Mtoto mwenyewe alikuwa hajaacha ziwa. Na mgonjwa alikuwa amesema, niletee watoto. Hakusema, njoo peke yako.

"Nilimwambia, 'Bwana, hawa si mizigo ya kuacha ghalani.' Akaita, 'Anayefuata!'"

Meli ikaondoka bila wao.

Uonevu haukuishia hapo. Karani aliamuru watoto wachanjwe upya siku hiyo hiyo, tena wasubiri siku nane kama watu ambao hawajawahi kuchanjwa, kana kwamba lile kovu lilikuwa doa la mchuzi. Msaidizi wake akawashika mikono, akachanja karibu na kovu la kwanza. Jioni Chaher akaanza kuchemka. Mkono ulivimba, akakataa ziwa. Rabiata alimkanda kwa kitambaa cha maji mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi Rahamatou alimfunga mtoto mgongoni, akamshika Oumi, akarudi kwenye mlango ule. Aliwakuta wanawake wengine watano waliokosa meli kwa sababu kama yake. Mmoja wao, Kouraichia, mshona nguo kutoka Ambilobe, alikuwa na pacha. Walikuwa wamesimama ukutani wakingoja kuambiwa la kufanya, na hakuna aliyewaambia.

"Nikawaambia, dada zangu, tukisimama tutaonekana wapita njia. Tukae chini."

Wakakaa kizingitini, sita na watoto wao, wakapandisha mikono ya nguo za watoto hadi mabegani. Karani akafoka kwa Kifaransa, halafu kwa Kimalagasi. Akatishia kuita polisi. Kouraichia akamjibu kwamba polisi nao wana mama zao. Makuli waliokuwa wakipita na magunia wakaanza kusimama kutazama. Minong'ono ikawa kelele. Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka daktari wa bandari, mwenye miwani mkononi na uso wa mtu aliyekatizwa.

Akamwona Chaher kwanza. Akamgusa paji la uso, akageuza mkono wake kwenye mwanga. "Hili ni kovu la zamani. Na hili la jana. Kwa nini amechanjwa tena?"

"Kadi haikuwa na muhuri, daktari," akasema karani.

"Lakini mkono ulikuwapo."

 Daktari akapita kwa mtoto mmoja mmoja, akitazama mabega. Halafu akaketi kwenye meza ya karani, akavuta muhuri, akagonga kadi zote. Hazikumchukua muda zaidi ya ule wa kunywa kikombe cha kahawa.

Rahamatou alipochukua za kwake, alimuuliza, "Na meli yetu, daktari?"

Akajibu kwamba kilichobaki ni kusubiri ijayo. Kisha, labda kwa kuona uso wake, akaongeza: "Karani alifuata kanuni, madamu."

"Kanuni gani hiyo?" anauliza Rahamatou leo, na sauti yake inawafanya wachumaji wa safu ya pili wageuke. "Kanuni gani inaona muhuri, haioni kovu? Yule mtoto wa Kizungu alifuata kanuni gani? Wangesema tu, wewe huna thamani, ningeelewa. Lakini walinizuia kwa jina la afya, wakampa mwanangu homa."

Meli iliyofuata ilikuja baada ya wiki tatu. Homa ya Chaher ilikuwa imeshuka zamani. Kadi hazikuulizwa. Zamu hiyo karani alikuwa mwingine.

Moroni, dada yake Echa alimpokea gatini. Alimtua Rahamatou mzigo, akajitwika mwenyewe, akaanza kutembea mbele. Rahamatou alijua kabla hawajafika sokoni. Bi Koultoum alikuwa amezikwa siku tisa nyuma.

Baadaye, waliokuja kutoa pole walipotawanyika, Echa alimweleza yaliyobaki. Siku ya meli ya kwanza mama aliomba aogeshwe, avishwe kanga mpya, abebwe mpaka barazani ili awaone watoto wakipanda ngazi. Alikaa pale tangu asubuhi. Abiria walishuka, wakapita na mabunda yao, mpaka njia ikabaki tupu. Walipotaka kumrudisha ndani alikataa. Alisema labda Rahamatou amechelewa kwa kuwa watoto wanatembea polepole.

Rahamatou anaposimulia hapa hatoi chozi. Anachuma. Anachuma haraka, na baadhi ya maua ya kijani yanaingia kikapuni.

Ofisa mmoja wa afya, alipoulizwa Mahajanga kuhusu malalamiko ya akina mama, alisema masharti yapo kwa ajili ya usalama wa watu wote na kwamba msafiri ana wajibu wa kuhakikisha kadi yake imekamilika. Hakutaka jina lake litajwe. Kuhusu kadi zinazoandikwa bila sindano, alisema hajapata kusikia jambo kama hilo.

Hassane, mumewe, anasema mkewe si yule wa zamani. Mama yeyote wa Ambanoro akipata safari, Rahamatou huacha kikapu na kwenda naye Hell-Ville. Hukaa naye katika benchi la zahanati mpaka wino ukauke mbele ya macho yao. Siku moja aliambiwa ufunguo haupo. Akauliza anakaa wapi mwenye ufunguo, akamfuata kwake akiwa mezani anakula.

"Sasa wakiniona tu naingia, wanatoa muhuri," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu kidogo.

Mizani imefunguliwa, wanawake wanaanza kuteremka kiwandani. Rahamatou anajitwisha kikapu. Mimba yake ya tatu imeanza kuonekana. Anataka kwenda Ngazidja kabla ya Ramadhani ya mwakani, mtoto akishachanjwa. Kwao nyumba hurithiwa na wanawake, na ile ya Bi Koultoum sasa ni yake na Echa, na baada yao ni ya Oumi. Echa amefunga chumba kimoja, hakipangishi, anawawekea wao.

"Nitakwenda na wote watatu," anasema. "Wataingia nyumba ya nyanya yao kwa mlango wa mbele, mchana, kila mtu anaona. Na wakiniambia tena nichague nani aende na nani abaki, meli na ikae pale pale. Nitakuwa nimekwisha kukaa chini mlangoni pao."