Mtani wa Bwana Afya

Gregori Komba alikuwa bwana afya wa Temeke miaka ile ambayo halmashauri ya jiji ilikuwa imevunjwa na kazi zake kuwekwa chini ya mkoa. Tulipanga nyumba moja Keko. Yeye na mkewe Eufrazia walikaa chumba cha mbele, nami fundi seremala nikakaa cha uani. Watu walimjua kwa kuingia majikoni mwa hoteli na kufunua masufuria, lakini kazi aliyoijali zaidi ilikuwa ya viwanda.

Alikuwa na namna yake. Hakuanzia getini. Alizunguka na baiskeli hadi nyuma ya kiwanda, pale mtaro unapotokea, akachovya kitambaa cheupe alichokifunga kwenye fito. Akirudi nyumbani alikianika kwenye kamba ya nguo, kikikauka akakilinganisha na cha safari iliyopita. Rangi ikizidi, ndipo aliporudi kuingia kwa mlango wa mbele na kuuliza.

Mpangaji mpya aliviona vile vitambaa akamuuliza Eufrazia kama ana mtoto mchanga.

"Hapana, dada," Eufrazia akajibu. "Hiyo ni kazi ya baba."

Akaingia ndani. Mtoto walikuwa naye, wa kike, akafa kwa surua kabla hajajua kutembea.

Siku ya mazishi ndipo nilipomfahamu Nikodemu. Alikuwa msimamizi wa kiwanda kimoja cha kutia rangi khanga, Mhehe wa Iringa, na Gregori ni Mngoni wa Songea. Hao ni watani tangu vita vya babu zao. Nikodemu alifika makaburini akaruka ndani ya shimo lile dogo, akalala chali.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Wangoni wachoyo nyie, mnataka kuzika bila kunipa hata kikombe cha chai? Nizikeni mie, huyu mtoto nitamlea mwenyewe!"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Gregori naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu usiku wa msiba. Kisha Nikodemu akanyoosha mikono, akampokea mtoto, akamlaza taratibu kama anayeogopa kumwamsha. Jambo hilo Gregori hakulisahau.

Basi, mwaka uliofuata kitambaa cha kile kiwanda cha Nikodemu kilianza kurudi na rangi ya bluu. Shimo la kutulizia maji machafu lilikuwa limejaa, na maji yakawa yanamwagika juu yake kuelekea bondeni. Huko bondeni alikaa Sesilia, mjane wa kutoka Masasi, aliyelima mchicha na kuuza sokoni. Kisima chake kilikuwa karibu na mtaro. Mchicha ulianza kukauka kingo, na wajukuu wake wakawa wanajikuna miguu hadi inatoka damu. Hakuwa na shamba lingine wala kisima kingine.

Gregori akaenda kwa Nikodemu. Lakini alikwenda kama mtani.

"Mla mbwa wewe, shimo lako limejaa, utatuua!"

"Mkimbizi wa Wazulu!" Nikodemu akajibu mbele ya wafanyakazi. "Babu zako walishindwa kwa mikuki, wewe unakuja kunitisha na tambara?"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo Gregori naye akacheka, akapanda baiskeli yake. Akarudi tena, ikawa vilevile. Kila alipokaza neno, mwenzake alilipokea kama tusi zuri na kumrudishia kubwa zaidi. Nikodemu hakuwa mtu mbaya. Hakujua kwamba ameonywa.

Siku moja Gregori alitoka kwa Sesilia, akakaa barazani bila kuvua viatu. Eufrazia akamletea maji ya kunywa, akayatazama tu.

"Nikimwandikia taarifa mkoani watamwondoa kwenye cheo," akasema. "Yule alimlaza mwanangu, mke wangu."

"Alimlaza," Eufrazia akasema. "Na wale wa Sesilia atawalaza nani?"

Asubuhi akaniomba nifuatane naye nikapime mlango wa mbao wa kuziba mtaro. Tukaingia kwa geti la mbele. Nikodemu alipomwona akaanza kwa mbali, "Haya, ficheni kuku, Mngoni kafika!"

Gregori akavua kofia. "Habari za kazi, Ndugu Msimamizi."

Nikodemu akasimama. Akamtazama, kisha akanitazama mimi. Uso ukambadilika.

"Amekufa nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hajafa mtu. Naomba twende bondeni."

Tukashuka watatu. Sesilia alimpa Nikodemu kiti, akamsalimia vizuri, akamchotea maji ya kisimani kwenye bakuli jeupe, maana hakuwa na mengine. Nikodemu akalishika lile bakuli kwa mikono miwili. Hakunywa, wala hakuweza kuliweka chini. Mjukuu mdogo alikuwa mlangoni anajikuna.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza Gregori.

"Nilikwambia nikicheka. Kosa langu."

Siku ileile Nikodemu alisimamisha mashine za rangi bila kumuuliza mkubwa wake, akawaweka watu kuchota shimo. Mimi nikapima mtaro, nikatengeneza mlango. Gregori akaandika taarifa yake mkoani kama kawaida, kwa sababu ndiyo kazi. Kiwanda kiliamriwa kuchimba shimo jingine na kumchimbia Sesilia kisima kipya juu mlimani. Nikodemu akashushwa cheo, akapelekwa stoo.

Baada ya hapo walipokutana njiani, Nikodemu alisema, "Habari za leo, Ndugu Gregori," akapita. Salamu nzuri, ya adabu kabisa. Gregori alirudi nyumbani siku hizo akiwa mnyonge, asitake chakula. Eufrazia alisema afadhali angetukanwa.

Masika yalipokwisha, Jumapili moja mchana, tulikuwa barazani tunasubiri ugali. Mtu akapita katikati yetu bila hodi, akaenda moja kwa moja jikoni uani, akafunua sufuria, akachukua paja la kuku, akaanza kula amesimama.

"Mwizi!" Eufrazia akapiga kelele. "Jamani, Mhehe ananiibia!"

"Nyamaza, mama," Nikodemu akasema mdomo umejaa. "Mumeo kanihamishia stoo, huko hakuna hata panya. Mngoni huyu, kumbe ana roho ya kufukuza watu kazi lakini hana ya kununua kuku mkubwa?"

Gregori alijaribu kumjibu tusi. Halikutoka. Akainama, akajifuta uso kwa kiganja, na mabega yakawa yanamtikisika. Nikodemu akaja akakaa karibu naye, akamsogezea lile paja lililobaki nusu.

"Kula," akamwambia. "Umekonda kama fito."