Kaburi la Ofumbi Mjini Haifa

Aboth, mwanamke wa kijiji cha Mukuju, alikuwa na miaka sitini na minane alipoamua kwenda Haifa. Mwanawe Ofumbi alichukuliwa jeshini na Waingereza, akafa mwaka 1943 na kuzikwa huko huko. Mchungaji Okware wa Busia, aliyekuwa akipanga kupeleka waumini Nchi Takatifu mwaka 1967, alimwambia mji huo umejengwa mlimani, kando ya bahari, na mwenye magoti mabovu hawezi kuupanda.

Basi tangu Januari Aboth alipanda kilima nyuma ya kanisa kila asubuhi, fimbo mkononi, ili miguu izoee. Akapigwa picha ya pasipoti mjini Tororo, ya kwanza maishani mwake.

Mwezi wa Juni, wiki mbili kabla ya safari, mchungaji alikuja nyumbani kwake uso umemshuka.

"Mama, vita imeanza kule. Safari imevunjika."

"Vita tena?" Aboth aliuliza. "Hiyo iliyomchukua mtoto wangu haikutosha?"

Siku hiyo hakula, wala kesho yake, na kilima hakukipanda tena.

Mwaka uliofuata njia ilifunguka, mchungaji akaja mbio kumwambia. Alimkuta amekaa barazani, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili.

"Mama, sasa twende. Nitakushika mkono."

"Miaka ishirini na mitano nimengoja nione jina lake kwenye jiwe," alisema Aboth. "Sasa nikifika, nitaona nini?"

Waumini saba waliondoka bila yeye.