Rupia ya Chini ya Mlango

Athanas Mallya alikuwa mtu wa milango. Nyumba ya zamani ikibomolewa Kariakoo ili ghorofa lisimame, yeye aliitwa, au alifika bila kuitwa, akang'oa mlango na fremu yake, bawaba, vitasa vizito vya enzi hizo na madirisha ya mbao, akavipeleka kwenye banda lake Gerezani. Pale alivisugua, akavipaka mafuta, akaviuza kwa wenye hoteli na wenye majumba ya Mbezi Beach. Kazi hiyo aliianza akiwa kijana ametoka Kibosho na begi moja, na sasa mvi zilikuwa zimemshukia hadi masikioni.

Sarafu zilimjia tu. Siku moja, kwenye nyumba ya Mtaa wa Mchikichi, aliingiza mtalimbo chini ya kizingiti, ule ubao wa chini unaouruka unapoingia ndani. Ubao ulipoinuka akaona kitu cheusi kimenata kwenye chokaa. Alidhani ni kizibo cha soda. Alipokisugua kwenye suruali, akatokea mwanamke mwenye taji, shavu limejaa, na pembeni yake jina la Victoria. Akaigeuza. Upande wa pili, katikati ya maua, pameandikwa rupia moja, India.

"Malkia wa Uingereza, pesa ya India, mimi niko Mchikichi," Athanas alisema kwa sauti. "Sasa huyu mama alifuata nini huku?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliitia mfukoni, na kila alipopumzika aliitoa akaitazama.

Kuelezwa, alielezwa. Mzee mmoja muuza vitambaa alimwambia kwamba kabla ya shilingi, pwani hii yote iliuza na kununua kwa rupia za India, na hata Mjerumani alipokuja na zake aliziita hivyo hivyo, rupia. Hilo Athanas alilielewa. Lakini mbona mtu aweke fedha chini ya mlango, ikanyagwe miaka yote? Mmoja alimwambia ni kutafuta baraka. Mwingine akasema ni kinga. Wa tatu, fundi seremala, akasema baba wa nyumba alikosa kipande cha bati cha kusawazishia ubao, basi. Athanas alirudi nyumbani na majibu matatu na hakujua ashike lipi.

Tangu hapo hakung'oa mlango bila kupapasa chini ya kizingiti. Mara nyingi palikuwa na mchwa tu. Mara chache palikuwa na sarafu. Baadaye alianza kuwatembelea masonara, akiwaomba wamwite kabla ya kuyeyusha fedha za zamani. Kopo la biskuti likajaa polepole: malkia alipokuwa kijana, malkia alipokuwa mzee, mfalme mwenye upara na ndevu, na vipande vya shaba vya ile Kampuni ya Waingereza iliyotawala India kabla malkia mwenyewe hajaichukua. Hili nalo lilimchanganya. Kampuni itawaleje nchi? Ikae ofisini, iuze vitu vyake, halafu itengeneze na pesa?

Nyumbani, mkewe Clotilda hakulipenda lile kopo. Mjini humu neno rupia likitajwa, watu wanainua masikio. Wapo wanaoamini kwamba rupia ya kale inavuta punje za mchele, kwamba anayeipata ya kweli anatajirika usiku mmoja. Wanaume waliovaa miwani ya jua walianza kufika bandani wakinong'ona.

"Baba Jovin," Clotilda alimwambia siku moja, "jana kuna mtu amenishika mkono sokoni, ananiuliza kama mume wangu ndiye yule mganga wa Gerezani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mume wangu anauza milango. Lakini hebu niambie mimi. Hizo za nini? Hutumii, huuzi, huvai."

"Sijui, Mama Jovin," Athanas alisema. "Nikizishika natulia."

Clotilda alimtazama sana, kisha akaenda kuchukua maji ya baraka aliyoyatoa kanisani, akalinyunyizia kopo.

Mtu aliyemwelewa alikuwa Nasreen, mama aliyemzidi Athanas umri, aliyekaa peke yake kwenye flati za Upanga. Alikuja bandani kutafuta kitasa, akaiona sarafu mezani, akasahau kitasa. Marehemu baba yake, mfanyabiashara wa vitambaa, alikuwa mkusanyaji, na alimwachia sanduku zima. Wakawa marafiki. Jumapili, baada ya misa, Athanas alipanda ngazi za flati ile, wakanywa chai ya maziwa yenye tangawizi, wakazitandaza sarafu juu ya shuka. Huyu alimwazima yule, yule akamwazima huyu. Hawakuandikiana chochote. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: Athanas aliziosha zake kwa ndimu na majivu zing'are, na Nasreen kila alipoona alishika kichwa.

"Unaziua, bwana Athanas! Ule weusi ndio umri wake."

"Mama, chafu ni chafu."

Basi ikatokea asubuhi moja akaja mwanamke wa makamo bandani, amejitanda mtandio wa kijani, jasho linamtoka. Alijitambulisha kwa jina la Mwanamkuu, anakaa Tabata. Alikuwa amezunguka Kariakoo akiuliza nani alichukua milango ya nyumba yao ya Mtaa wa Swahili, hadi kibarua mmoja wa kubomoa nyumba akamwelekeza.

"Kaka, sitaki mlango," alisema alipokaa. "Mlango najua umeshauzwa. Nataka kilichokuwa chini yake."

Athanas aliweka chini kitasa alichokuwa akikisugua.

Mwanamkuu akaeleza. Nyumba ile ilijengwa na babu yake. Warithi walipokuwa wengi na kelele nyingi, ikauzwa. Shangazi yake, Bibi Swaumu, ndiye aliyekuwa akiishi humo tangu kuzaliwa. Sasa anakaa kwa Mwanamkuu, macho yameshaingia ukungu, na kila siku anauliza jambo moja: ile rupia ya mlangoni mmeitoa, au mmeiacha ikazikwa na zege?

"Halali vizuri, kaka. Nami sipati la kumjibu."

Athanas akaleta kopo, akalimimina juu ya meza ya useremala. Zikasambaa. Za fedha, za ukubwa ule wa rupia, zilikuwa nyingi kuliko alivyokumbuka yeye mwenyewe.

"Ipi ni yetu?" Mwanamkuu aliuliza.

Athanas aliinua moja, akaiweka. Akainua nyingine. Hii ni ya Mchikichi? Au ya Mchikichi ni ile yenye mkwaruzo shingoni? Alijua zipo zilizotoka Mtaa wa Swahili, Sikukuu, Narung'ombe. Lakini zote alikuwa ameziosha, zote ziling'aa sawasawa, na malkia wote walimtazama kwa uso mmoja.

"Dada yangu," alisema taratibu, "sijui."

Mwanamkuu hakukasirika. Alitoa simu, akampigia shangazi yake, akaweka sauti ya juu. "Shangazi, nimempata mtu wa milango. Ni ile ya malkia, siyo?"

Sauti nyembamba ikatoka kwenye simu. "Malkia gani? Yule ni mwanamume. Ana sharubu. Nyuma ana ngao, na ndani ya ngao kuna vingao vidogo."

Hapo Athanas akaketi. Rupia hiyo aliijua. Ukubwa ule ule, uzito ule ule, lakini mfalme mwenye sharubu, na nyuma, kuzunguka ngao, maneno yaliyomsumbua kuliko yote: *India Portugueza*. Alikuwa amekaa nayo siku nyingi akijiuliza Mreno aliingiaje India ilhali India ni ya Mwingereza. Ndiyo aliyompelekea Nasreen amweleze. Iko Upanga.

Hakungoja Jumapili. Alipanda bajaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo? Kuna msiba?"

Alipomaliza kueleza, Nasreen aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na ile rupia ndani ya kitambaa. Lakini hakumpa.

"Hii haikutoka Mtaa wa Swahili," alisema. "Hii ni ya baba yangu. Mimi ndiye niliyekuazima wewe, ukanirudishia."

Athanas alidhani anatania. "Mama, mimi nilikuletea. Siku ile ya mvua. Nilikuwa nimeifunga kwenye leso."

"Leso yangu. Nilikupa uifungie isilowane. Babu yangu alitoka Diu, bwana Athanas. Diu ilikuwa ya Mreno, kama Goa. Pesa zao ndizo hizi. Nani mwingine Dar es Salaam angekuwa nayo?"

Walitazamana. Kila mmoja alimwona mwenzake hadanganyi, na hilo ndilo lililowatisha. Athanas aliikumbuka mvua ile vizuri kabisa, maji yakichuruzika kwenye ngazi, na sarafu mkononi. Lakini alikuwa anapanda kuileta, au anashuka baada ya kuiazima? Kadiri alivyojikaza kukumbuka, ndivyo ngazi zilivyozidi kufanana.

"Ingekuwa na chokaa," Nasreen alisema. "Za mlangoni zina chokaa kwenye herufi. Ila wewe na ndimu zako." Akamshikisha kitambaa kiganjani. "Nenda nayo. Huyo bibi aishike. Mimi nitakaa hapa nifikiri."

Kule Tabata, Bibi Swaumu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta, miguu imefunikwa kanga. Athanas alimwamkia, akapiga magoti, akampa kwanza zile za malkia moja moja, kisha ya Mreno, akimweleza ubishi wake na mama wa Upanga. Bibi alizipapasa kwa kidole gumba. Alikaa na ile ya mwisho muda mrefu.

"Ina sharubu?" aliuliza.

"Ina, bibi."

"Baba naye alikuwa na sharubu." Akaigeuza. "Nilikuwa mdogo. Ubao wa zamani umeliwa na mchwa, wanaweka mpya. Baba akaniinamia, akanishikisha rupia, akasema iweke wewe Swaumu, maana wewe ndiye utakayebaki nyumbani. Kaka zangu wote wamesimama wanaangalia. Nikaiweka." Akaipapasa tena. "Sasa sharubu ninazoziona ni za kwenye hii, au ni za baba? Mwanangu, sijui tena."

"Na ngao, shangazi?" Mwanamkuu aliuliza.

"Ngao labda niliona kwingine. Naona baridi yake tu. Na hizi zote zina baridi."

Athanas alibaki na kopo mapajani. Akasema lile alilolijua.

"Bibi, sarafu zimenichanganya. Lakini ule mlango naukumbuka. Ulikuwa wa mvule, mbao mbili, wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto. Ulitutoa jasho tangu asubuhi. Mwimo wa kulia, ile nguzo ya fremu, chini kabisa, mtu alichonga miezi midogo, kama mwezi mwandamo, imepangana kwenda juu. Sikuisugua. Aliyeununua alitaka niisawazishe, nikakataa."

Bibi Swaumu aliinua uso. Mkono wake ukatafuta hewani, ukampata begani.

"Mimi nilichonga," alisema. "Kwa kisu cha jikoni. Kila Ramadhani iliyonikuta pale nikiwa binti. Mama alinichapa ya kwanza, zilizofuata akaniacha." Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka akiwa anacheka. "Nilidhani wameuchoma kuni."

Akataka aelezwe yote: nani alishika upande upi, ubao ulilia ulipotoka au ulitoka kimya, ndani kulikuwa na nini. Athanas akaeleza, na alipomaliza bibi akamwomba aeleze tena tangu mwanzo. Mwanamkuu alileta chai, ikapoa.

Mwisho, bibi alimrudishia ile ya Mreno. "Hii mpelekee mama wa Upanga, asije akanung'unika. Mimi nipe yoyote."

Bibi alichagua malkia mmoja bila kuuliza ni wa wapi. Juma lile Mwanamkuu alimwita fundi, akainua kizingiti cha chumba cha shangazi yake pale Tabata. Bibi akaiweka mwenyewe, Athanas amemshika mkono, kisha saruji ikamwagwa. Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Mwanamkuu alimpigia Athanas kumwambia kwamba shangazi analala, na hata anakoroma.

Athanas alifurahi, lakini kichwa hakikutulia. Aliipanda tena ngazi ya Upanga na kitambaa kile, akakiweka mezani. Nasreen hakukigusa.

"Nimefikiri," alisema. "Baba hakuwahi kunionyesha rupia ya Mreno. Nilimkumbuka babu, nikaikumbuka Diu, nikajaza yaliyobaki. Ni yako."

"Haiwezekani, mama. Mimi nimefikiri pia. Siku ile nilikuwa nashuka. Nina hakika nilikuwa nashuka. Ni yako."

Wakabishana upya, sasa kila mmoja akiisukumia kwa mwenzake, hadi chai ikaisha.

Siku hizi Athanas akitoa sarafu chini ya mlango huitia kwenye kibahasha hapo hapo na kuandika jina la mtaa, na haioshi. Zile za zamani amezitenga kwenye kopo lake. Clotilda, ambaye sasa huenda naye Tabata kumsalimia Bibi Swaumu, alilifungua hivi karibuni, akatoa malkia mmoja, akamuuliza ametoka wapi. Athanas alimtazama malkia, akamgeuza, akamsogeza dirishani penye mwanga.

"Sikukuu," alisema. Halafu akasita. "Au Narung'ombe."