Kilichoigusa Elektroni

Nilifeli fizikia ya kwanta kwa sababu ya kitu ambacho hakipo. Hivyo ndivyo nilivyojitetea kwa mama kwenye simu, naye akaniuliza kwa upole kama nakula vizuri.

Mtihani wa marudio ulikuwa wa mdomo, ubaoni, mbele ya mhadhiri wangu peke yake. Nikishindwa hapo ningedisko, yaani ningefungasha virago na kurudi Kibaigwa kuendeleza udalali wa mahindi wa marehemu baba. Sikuutaka udalali. Nilitaka kusoma, na nilikuwa naogopa sana.

Swali lenyewe ukilisikia unaweza kudhani ni jepesi. Chukua koili ndefu na nyembamba, pitisha umeme. Sumaku yote inabaki ndani ya koili. Nje hakuna hata chembe. Sasa rusha elektroni zipite nje, kushoto na kulia. Elektroni husafiri kama wimbi, kwa hiyo njia hizo mbili zikikutana upande wa pili, kwenye kioo hutokea mistari ya mwanga na giza. Washa umeme wa koili, mistari inahama. Imehamishwa na nini? Elektroni haikuingia ndani, na sumaku haikutoka nje.

Kitabu kilijibu kwamba nje ya koili kuna potenshali vekta. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Muhula uliopita tulifundishwa kuwa potenshali vekta ni njia tu ya kurahisisha hesabu, unaweza kuibadilisha kwa namna fulani na hakuna kitakachoharibika. Leo imeota mikono, inasukuma elektroni? Na hata kusukuma haisukumi. Hakuna kani yoyote, wanasema. Nilikaa chumbani kwangu Makole, upepo ukinijazia vumbi mezani, nikasoma ukurasa ule ule mpaka maneno yakaacha kuwa na maana.

Asubuhi ya mtihani nilichora tena lile duara, yaani koili ikitazamwa kutoka juu, na mishale miwili ikilipita huku na huku. Nikayakumbuka maziko ya baba. Kwetu, kaburi likishafukiwa, kwaya hugawanyika. Wanaume hupita kulia kwa kaburi, wanawake kushoto, wote wakiimba wimbo mmoja bila ngoma, na hukutana kichwani penye msalaba. Mimi nilipita na wanaume, mama na wanawake. Tulianza pamoja. Tulipofika msalabani wanawake walikuwa nyuma yetu kwa nusu ubeti, na wimbo ukavurugika mbele ya watu wote. Mama anaapa mpaka leo kwamba wao hawakupunguza mwendo. Mimi naapa sisi hatukuharakisha. Ungesikiliza upande mmoja peke yake, ungeona wimbo uko sawasawa.

Sikujua kama hilo ni jibu au ni huzuni tu. Nikaenda nalo hivyo hivyo.

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba. Chora.”

Nikachora. Akauliza, “Wimbi la kushoto, likipita peke yake, litaonyesha kwamba koili imewashwa?”

“Hapana, Dokta. Tofauti inaonekana njia mbili zikikutana.”

“Kwa hiyo tunapima nini?”

“Jumla ya potenshali ukilizunguka duara zima. Kwenye upande huu au ule mtu anaweza kuibadilisha potenshali, lakini jumla ya mzunguko haibadiliki. Inategemea kilichofungiwa ndani.”

Akanyoosha kidole kwenye duara langu. “Na ndani kuna nini?”

Jibu nilikuwa nalo. Mdomo wangu ukasema, “Baba.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mhadhiri hakucheka. Aliniangalia kidogo, akauliza tulimzika lini. Nikamwambia ni mwaka huu huu, kabla ya ule mtihani wa kwanza.

“Pole sana, kijana,” akasema. “Sasa nijibu. Ndani ya koili kuna nini?”

“Uga wa sumaku, Dokta.”

“Na huko nje, elektroni imeguswa na nini hasa?”

“Sijui, Dokta.”

“Hata mimi sina hakika. Wakubwa zetu bado wanabishana. Nenda.”

Nilifaulu. Nilimpigia mama, akapiga vigelegele hapo hapo sokoni, kisha akataka kujua kama sasa nimeelewa. Nikamwambia bado.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani, tukaenda kaburini sisi wawili. Kwa mazoea nilianza kushika upande wa kulia. Mama akanivuta shati.

“Leo pita huku na mimi, mwanangu.”

Tukapita kushoto, tukiuimba ule ule wimbo, mimi nikisikiliza kwa makini kama kuna mahali unapochelewa. Haukuchelewa popote. Tulifika msalabani pamoja, wimbo umenyooka, ungedhani hakuna mtu aliyezikwa pale.