Sanda ya Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkasi, fimbo ya kupimia na jora la bafta nyeupe, nikaambiwa nisimkatie kitambaa mtu yeyote aliye hai. Nilidhani wananitania kwa ugeni wangu. Nilikuwa nimetoka kwetu Kilimanjaro juzi tu, na akilini mwangu kazi ya serikali ilikuwa meza na kiti. Kumbe nimeajiriwa kugawa sanda.

Ninyi mnaopita Kariakoo leo mkiruka nguo zilizotandazwa barabarani hamtaniamini. Miaka ile ya kufunga mkanda, maduka yalikuwa wazi na rafu tupu. Sabuni adimu, unga foleni, na nguo ndiyo usiseme. Watu walifika mahali pa kukosa kitambaa cha kumzikia mama yao. Serikali ikatenga bafta kwa ajili ya wasiojiweza, wapewe bure. Balozi wa nyumba kumi anathibitisha msiba, ofisi inahakiki, halafu mimi nakata. Kuhakiki maana yake ni kwenda kuiona maiti. Ndiyo, kwa macho! Walanguzi walikuwa wakituma watu waje kulia dirishani kwetu, na kesho yake bafta ile ile inauzwa kwa kificho Msimbazi.

Mkuu wa Ugawaji, bosi wangu wa kwanza, alikuwa mzee wa suti ya mikono mifupi, hacheki hata kwa bahati mbaya.

"Ndugu," aliniambia, "machozi si ushahidi. Nenda ukaone."

Nikaenda mtaa wa Gerezani, kwa Bi Somoe, bibi mmoja wa Lindi aliyekuwa akiuza vitumbua hadi sukari ilipoadimika. Balozi alikuwa ameleta taarifa kwamba amefariki. Chumbani niliwakuta kina mama watatu wamekaa kimya, na kitandani mtu amefunikwa khanga gubigubi. Mimi nimelelewa kutoingia kwa wakubwa bila salamu, hata kwenye msiba. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," ikaitikia sauti kutoka chini ya khanga.

Niliruka hadi mlangoni. Wale kina mama wakashika vichwa. Bi Somoe akajifunua, akaketi, amekasirika kwelikweli.

"Mdomo huu!" akasema. "Adabu itaniponza!"

Binti yake, Mwanaidi, akaangua kilio. Watoto wake wanne walikuwa wamefukuzwa darasani kwa kukosa mashati meupe. Ya zamani yalikuwa yamechanika, na hapakuwa na duka lenye kitambaa mji mzima.

"Kawaambie nimekufa," bibi akaniambia. "Sanda yangu si itatoka tu siku moja? Nipeni sasa, wajukuu wangu wasome. Nikifa kweli sidai."

"Bibi, utazikwa na nini?"

"Shauri la watakaobaki hilo. Mimi si nitakuwa sipo?"

Nilirudi ofisini nikamweleza Mkuu kila kitu, nikitegemea ataita polisi. Alivua miwani.

"Amesema hatadai tena?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Mkatie. Lakini mwambie wazi, serikali haina sanda mbili za mtu mmoja."

Nilipigwa na butwaa. Nilikata, mkasi ukaenda upande, na wajukuu wakashonewa mashati, wakarudi darasani.

Mwaka uliofuata Mkuu alihamishwa, akaja mwingine mtu wa kanuni. Haukupita muda Bi Somoe akafariki kweli, alfajiri moja, kwa homa. Mwanaidi akaja dirishani.

"Huyu kwetu alishakufa," Mkuu mpya akasema. "Anakufaje tena?"

Nikabishana naye, nikamweleza, nikalia mbele yake kama mtoto. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi alipochoka nami.

"Kata, uondoke machoni pangu!"

Nilikimbia na bafta kwapani kutoka ofisini Kariakoo hadi Gerezani. Nilikuwa nimechelewa. Kina mama wa mtaa walikuwa wameyafumua mashati ya wale watoto na kuunga vipande kwa sindano ya mkono. Shehe alikuwa amesema inafaa. Bibi alikuwa ameshavishwa, na kifuani pake, kwenye sanda, nikaona matundu ya vifungo. Nikakaa sakafuni. Nilikwisha kuona maiti wengi katika kazi ile, lakini sikuwa nimewahi kushtuka namna ile, wala sijashtuka hivyo tena.

Baadaye nilihamishiwa Temeke, kisha Mtwara, nikapanda hadi nikawa Mkuu wa Ugawaji mwenyewe, na sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama kweli serikali iliwasaidia maskini wakati ule. Nawajibu kwamba iliwasaidia, mimi ndiye niliyekuwa na mkasi. Halafu namkumbuka Mwanaidi jioni ile wanaume walipokuwa wameondoka na jeneza, watoto wake wamesimama ukutani vifua wazi. Aliitazama bafta niliyoileta.

"Dada, utairudisha ofisini?"

"Hapana," nikamwambia. "Lete sindano."

Tukakaa mkekani pale pale, tukaanza kushona mashati.